Majani ya Mushaki kwa Uwanja wa Léo

Mama yangu, Vénantie, alikufa mwezi wa kumi na moja mwaka 1951 kwa sababu ya uwanja wa mpira ambao hakuwahi kuuona, katika mji ambao hakuwahi kuufikia. Watu wakiniuliza nawaambia hivyo, nao wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Kutoka kwetu Mushaki mpaka Léopoldville wakati ule ilikuwa safari ya wiki nne, kwanza kwa kamio, yaani lori, kisha kwa mashua ya mtoni. Mpira wa kule ungewezaje kumwua mwanamke aliyekuwa nyumbani kwake anachambua maharage? Ndiyo maana nikisimulia naanzia kwenye majani.

Baba yangu aliitwa Kabera. Mdogo wake aliitwa Karangwa, kwa ubatizo Barthélemy, nami nilimwita papa mudogo kama ilivyonipasa. Kilima chetu, walipopewa na mwami, chifu wetu, kilikuwa mianzi mitupu na vichaka vya miiba. Walikifyeka pamoja na babu. Baba alichukua sehemu ya chini akajenga na kulima. Karangwa alichukua mgongo wa kilima na tambarare iliyo karibu na barabara, kwa ajili ya ng'ombe.

Karangwa alikuwa amechunga miaka michache kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Sake. Siku ya kuacha kazi hakuomba blanketi wala sufuria. Aliomba magunia mawili ya yale majani mafupi yanayotambaa, ambayo watu wanayaita kikuyu. Akayapanda kwa mkono, kipande kimoja kimoja, umbali wa shubiri moja. Kila mwaka aling'oa machache pale yaliposhika, akayahamishia mbele. Ilimchukua miaka tisa kukifunika kilima chote. Majani hayo yanatia mizizi kila yanapogusa ardhi, yanafumana kama mkeka, na mvua ikipiga haichukui hata chembe ya udongo. Mwezi wa saba, wakati vilima vya wengine vimekauka, ng'ombe wetu walikuwa bado wanatoa maziwa, na misheni ilinunua kwetu. Mbuzi wa mtu hakukanyaga pale. Watu walimtania kwamba anakipenda kilima kuliko mke wake, Annonciata, naye Annonciata alikuwa akisema wala si utani.

Mwezi wa nne mwaka ule wa 1951, mkuu wa teritwari, yaani wilaya yetu, alipita Mushaki na mgeni, agronomu kijana, mtaalamu wa kilimo, aliyekuwa ametoka kwao Ulaya si muda mrefu. Walisimamisha gari barabarani kununua maziwa. Mgeni alionja, akauliza ng'ombe hawa wanakula nini. Hapo ndipo Karangwa angeweza kujibu kwa neno moja na kuwaacha waende zao. Yeye akawapandisha kilimani. Alivua viatu vyake, akamwomba na mgeni avue. Yule kijana akavua kweli, akatembea na soksi, akacheka. Halafu akarudi mbio mpaka kwenye gari akachukua mpira. Alikuwa mlinda mlango kwao, na mpira hakuuacha nyuma kokote alikokwenda. Aliudundisha, akautazama ukiruka, akaudundisha tena sehemu nyingine. Akajirusha chini kama mtu anayedaka, akainuka na suruali safi, haina hata doa la udongo.

"Nani alipanda hii?" aliuliza.

"Ni mimi," Karangwa akasema. "Miaka kenda. Hata ng'ombe mia moja wakipita hapa, haikufe."

Ndivyo alivyosema. Baba yangu alikuwa amesimama pembeni akasikia. Baadaye alimwuliza mdogo wake kwa nini hakusema tu kwamba majani ni ya mzungu wa Sake, wangekwenda kumsumbua yeye. Karangwa alijibu kwamba ni mara ya kwanza mtu mkubwa kuvua viatu mbele yake.

Baada ya wiki tatu ilikuja amri. Kule Léopoldville walikuwa wanajenga uwanja wa mpira mkubwa kuliko wote katika Kongo nzima, wa kuingiza watu maelfu kwa maelfu, nao ulipaswa kufunguliwa mwaka unaofuata. Wakubwa walikuwa wanatafuta majani yasiyokufa chini ya miguu, na agronomu alikuwa ameandika kwamba ameyapata. Kilima cha Karangwa kingechunwa kwa mafungu mawili: tambarare kwanza, na kama majani yatasafiri vizuri, na mgongo nao. Kwa upande wao waliahidi mbegu za kupanda upya, na karatasi yenye muhuri kwamba kilima ni cha Karangwa na watoto wake daima. Yeye mwenyewe angesafiri na majani ili ayanyweshe njiani. Walimwekea mkataba wa miezi kumi na minane, akatia kidole gumba.

Baba alikasirika mpaka akakosa usingizi. Lakini nisidanganye: Karangwa alikwenda kwa furaha. Mwezi wa saba walikuja wanaume arobaini waliokusanywa na mwami kwa amri ya teritwari, wakayakata majani kwa sepeto, vipande vya mraba vyenye udongo chini yake, wakavipanga ndani ya masanduku ya mbao na maganda ya mgomba yaliyoloweshwa. Karangwa aliwazungukia akiwafundisha namna ya kushika, kama mtu anayefundisha wasichana kubeba mtoto mchanga. Siku ya kuondoka alivaa koti lake la harusi. Mama yangu alimfungia viazi na siagi kwenye jani la mgomba, akamwambia asilale karibu na mto. Mimi nilikuwa nimeolewa Mweso mwaka uliotangulia, lakini siku hiyo nilikuwepo, nikayaona makamio matano yakienda na kilima chetu.

Yaliyotokea njiani aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye.

Walipita Masisi, wakaanza kuteremka kwenda msituni. Joto lilianza siku ya pili. Yeye alizoea baridi yetu, ya kuwasha moto hata saa sita mchana, na majani yake pia. Kila kamio liliposimama alikimbia na ndoo. Walipofika Walikale, pantoni ya kuvusha magari mtoni ilikuwa imeharibika, wakakwama siku tano. Wenyeji waliamriwa kuchota maji ya kunyweshea masanduku. Mmoja wao aliitwa Paul, mkulima wa migomba na mwindaji, mtu mfupi mwenye maneno machache. Mkuu wa pantoni aliandika jina lake pamoja na Karangwa, kwamba huyu naye aende mpaka mwisho wa safari, na Paul hakuulizwa kama anataka.

Siku ya tatu Paul alizamisha mkono wake ndani ya sanduku la katikati, akautoa haraka. Akamwita Karangwa.

"Tia mukono," alisema. "Iko moto. Majani yako inaiva sawa ndizi tunazika kwa shimo."

Karangwa akatia mkono. Ndani mlikuwa na joto la chungu, na harufu ilikuwa ya pombe. Alipofungua, juu palikuwa kijani, chini yake njano, na katikati kabisa palikuwa pameoza na kuteleza kama ute wa yai. Alifungua la pili na la tatu. Mtu aliyeyapanda kwa miaka tisa hahitaji kuambiwa. Paul alimwambia awaeleze wakubwa sasa hivi, kabla hawajakata mengine.

Nafasi ya kueleza ilikuja siku iliyofuata. Agronomu alifika na gari lake dogo kutazama mzigo. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, na furaha. Aliinua mfuniko wa sanduku moja akaona ule ukijani wa juu, akampiga Karangwa begani. Akasema anageuza kesho yake kurudi Mushaki. Kama mambo ni mazuri, fungu la pili litakatwa wiki ileile. Akamtazama machoni akauliza:

"Iko muzima?"

"Iko muzima, bwana," Karangwa akasema.

Paul alikuwa hatua tano nyuma yao, na ndoo mkononi. Alisikia, akarudi mtoni kuchota.

Nimemwuliza papa mudogo kwa nini alisema vile. Mara ya kwanza alinijibu kwamba aliogopa kiboko. Mara nyingine alinijibu kwamba aliona ile karatasi ya kilima inapotea. Mara ya mwisho alisema hakuweza kulitoa mdomoni mwake, mbele ya watu asiowajua, kwamba majani yake yamekufa. Mimi naamini hili la mwisho, na ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ingekuwa hofu ningemwelewa.

Agronomu akarudi Mushaki, na mgongo wa kilima ukachunwa. Mgongo ule ulikuwa mkali, unaning'inia juu ya nyumba ya baba yangu. Baba alipanda akasimama mbele ya wakataji na fimbo yake. Hakumpiga mtu. Alisema tu kwamba hapa hamkati, udongo huu utatushukia. Askari wakamkamata, akafungwa boloko ya Masisi wiki mbili. Alipotoka, mgongo wote ulikuwa udongo mtupu, mweusi, unang'aa jua likipiga.

Mbegu zilizoahidiwa hazikuja. Mama na Annonciata walipanda maharage na viazi vitamu pale juu, kwa kupanda na kushuka kila siku, wakitumaini mizizi itashika kabla ya mvua kubwa. Mizizi ya mwezi mmoja au miwili inashika nini? Mwezi wa kumi mvua ilichimba mifereji midogo. Mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi, ilinyesha tangu asubuhi. Baba alikuwa amekwenda Sake kuuza ndama, kwa sababu malisho hayakutosha tena. Annonciata alikuwa chini mtoni. Alisema alisikia mlio kama wa kamio lililobeba mawe, akageuka, nyumba ya shemeji yake haikuwepo. Palikuwa na tope na magogo, na moshi kidogo ukitokea mahali jiko lilipokuwa.

Walichimba siku ile mpaka kesho yake. Nilitoka Mweso kwa miguu, nikakuta wamekwisha kumzika. Jirani mmoja aliniambia walimpata ameketi, na ungo wa maharage magotini. Sijui kama ni kweli au alisema hivyo anitulize.

Paroko aliandika barua kwenda Léo ili Karangwa aambiwe. Haikumfikia.

Yeye wakati huo alikuwa amekwisha fika kule. Huko Stanleyville, bandari ya juu ya mto, walihamishia masanduku kwenye mashua. Katika siku kumi na tatu za mtoni, yeye na Paul walitupa zaidi ya nusu ya mzigo majini, wakachambua kila kipande kilichokuwa na uhai na kukikinga na jua kwa matawi ya michikichi. Walifika Léo na masanduku ishirini na mawili kati ya mia na kitu.

Wakapelekwa kwenye uwanja. Papa mudogo hakuficha kwamba alishangaa. Alisema ulifanana na shimo la mlima wa moto tunaouona kutoka Mushaki, ila hili lilikuwa na ngazi pande zote, na watu wadogo kama sisimizi walikuwa wakipanda na karai za zege vichwani. Katikati palikuwa mchanga. Wakaambiwa wapande pembe moja, karibu na goli.

Wakapanda. Karangwa alinywesha kabla ya jua na baada ya jua, akafunika kwa makuti saa za mchana. Na majani yakashika. Baada ya siku kumi na nane pembe ile ilikuwa kijani kama Mushaki. Agronomu alikuja kwa ndege kuyaona. Alipiga picha akiwa amechuchumaa juu yake, mpira mkononi, akampa Karangwa mkono mbele ya wakubwa wengine. Picha hiyo ilitoka kwenye gazeti lao. Kisha yule kijana akaenda likizo Ulaya, akapewa kazi nyingine huko, na hatukusikia habari zake tena. Sidhani kama alipata kujua lolote.

Majani yalikufa ndani ya wiki moja baada ya yeye kuondoka. Joto la kule linatoka chini, papa mudogo alisema, si la juu tu, mizizi ilipikwa. Msimamizi mpya wa kazi hakujua huyu mtu wa Kivu na ndoo yake anafanya nini hapo. Alikuwa amekwisha agiza majani mengine, ya hukohuko Léo, yanayoota mchangani bila kuombwa. Mamia ya watu walikuwa wanayapanda kuanzia upande wa pili. Ikaandikwa kwamba Karangwa alilala badala ya kunywesha. Alipigwa viboko mbele ya wenzake, yeye baba wa watoto watano, halafu yeye na Paul wakapewa karai za zege hadi mkataba uishe.

Fungu la pili halikufika kamwe. Papa mudogo alilisubiri miezi miwili, akiulizia kila mashua iliyotoka juu. Mwishoni baharia mmoja alimwambia kwamba masanduku yale yalikaa bandarini Stanleyville, mashua zikiwa zimejaa pamba na mafuta ya mawese, yakaoza, yakanuka, mkubwa wa bandari akaamuru yachomwe moto. Mgongo wa kilima chetu, uliomwangukia mama yangu, uliishia kwenye jalala la bandari. Hakuna mguu wa mchezaji hata mmoja uliokanyaga juu yake.

Mwaka 1952 uwanja ulifunguliwa. Wakubwa walikuja kutoka Ulaya, bendera zilijaa barabarani, na watu walivaa nguo zao za Pasaka. Wale waliobeba zege waliambiwa wakae upande wa nyuma, tayari kuzoa takataka watu wakitoka. Karangwa na Paul walikaa huko wakisikia kelele. Lango moja lilifunguliwa kidogo kupitisha maji ya wageni, naye akaona kipande cha uwanja. Ilikuwa kona tu, na mchezaji mmoja akiweka mpira chini. Alisema kelele zilipopanda ardhi ilitetemeka, na kwamba akajikuta analia. Nilimwuliza kama ni kwa uchungu. Akasema hapana, wakati ule ilikuwa kwa sababu ni kitu kizuri sana na yeye alikuwa na haki ya kukiona chote.

Walirudi mwezi wa kwanza mwaka 1953. Paul alibaki kwao Walikale, Karangwa akapanda na kamio la chumvi mpaka Masisi, kisha kwa miguu. Alikuwa amemnunulia mama yangu kitambaa cha kichwa, chenye maua ya njano. Watu aliokutana nao njiani walimsalimu, wakaharakisha kupita. Annonciata alimwona kutoka mbali akateremka mpaka barabarani, akamwambia palepale, wakiwa wamesimama, kwa sababu kutoka hapo kilima kilikuwa kinaonekana na asingeweza kumzuia asikitazame.

Niliitwa kutoka Mweso. Nilikuta baba yangu na mdogo wake wameketi pamoja mbele ya kibanda ambacho baba alikuwa amejenga upande wa pili wa bonde. Siku mbili hawakuachana. Baba alimshika mkono kama walivyokuwa wadogo. Alisema kila mara kwamba wazungu ndio waliomwua Vénantie, na kwamba Karangwa naye walimfanyia vibaya, sasa wao wawili wamebaki. Walikuwa wamebakiwa na ng'ombe sita kati ya ishirini na wanne. Walipanga namna ya kuanza upya.

Siku ya tatu, baada ya misa, Karangwa alisema ana neno. Tulikuwa watatu tu. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili na hakuinua macho. Akaeleza habari za Walikale: pantoni, mkono ndani ya sanduku, Paul alivyomshauri, agronomu alivyouliza.

Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia sawasawa.

"Alikuuliza mbele ya kukata ya pili?"

"Mbele ya kukata."

"Na wewe ukajua yote imekufa?"

"Nilijua."

"Mimi nilikuwa boloko," baba akasema, "kwa kutetea kitu wewe ulikuwa umekwisha kuuza kwa neno moja."

Akainuka akaenda kukama ng'ombe, ingawa haikuwa saa yake. Toka siku hiyo hakumsemesha ndugu yake, wala jina lake hakulitaja. Kanisani alihama benchi. Karangwa akija upande huu wa bonde, baba alitoka kwa mlango wa nyuma. Mapadri walijaribu kuwapatanisha, na mwami pia alituma mtu. Baba aliwasikiliza kwa heshima, akawapa maziwa, wakaondoka.

Nimewahi kujiuliza kama papa mudogo angekaa na siri yake, nani angeijua. Paul alikuwa mbali. Angezeeka karibu na kaka yake, ng'ombe wangeongezeka, na mimi ningekuwa na mtu wa kumchukia aliye mbali, asiye na jina, aliyevua viatu akacheka. Alituondolea hilo akatuachia yeye mwenyewe.

Karangwa alikwenda ofisi ya teritwari kudai karatasi ya kilima. Mkuu alikuwa mwingine. Alitafuta kwenye makabati hakupata kitu chochote chenye jina lake, wala la majani, akamwuliza kama ana hakika hakuota. Mwaka uleule alihama. Annonciata alikataa kumfuata, akabaki na watoto. Alisema yeye aliolewa na mtu wa ng'ombe, hakuolewa na mtu wa msituni. Karangwa alikwenda peke yake Walikale, kwa Paul, ambaye alimpa sehemu ya kulima migomba na mihogo na hakumwuliza atakaa mpaka lini. Ng'ombe hawaishi kule. Mtu aliyezaliwa katika maziwa akawa anakunywa maji ya mto.

Mwaka 1956 misheni ya kwetu Mweso ilipata redio, na Jumapili watu walijaa uani kusikiliza mpira kutoka Léo. Mume wangu aliupenda sana. Wanaume wazima walipiga magoti karibu na kile kisanduku, wakisikia makelele ya watu maelfu waliokaa kwenye zile ngazi, na mtangazaji akisifu hata majani ya uwanja, kwamba ni kama zulia. Baba alikuwa amekuja siku hiyo kunitembelea. Alisimama, akavaa kofia, akaanza safari ya kurudi Mushaki saa ileile, mchana wa jua kali, bila kula.

Alikufa mwanzoni mwa mwaka 1959, kwa kifua. Siku chache kabla, redio ilikuwa imesema kwamba huko Léo watu waliotoka kwenye mpira walijiunga na wengine waliokuwa barabarani, askari wakapiga risasi, wakafa wengi. Kila mtu alizungumza habari hiyo. Baba alikuwa kitandani, akageukia ukutani.

Nilimzika karibu na mama, kisha nikasema lazima mtu amwambie Karangwa. Hakuna aliyetaka kwenda. Nikapanda kamio mwenyewe, na mtoto mgongoni, mpaka Walikale.

Nilimkuta anamenya mihogo mbele ya nyumba ya majani, na Paul kando yake akisuka mtego. Alikuwa amekonda, ngozi imekuwa ya rangi nyingine kwa kukosa jua. Aliponiona alijua. Aliniletea kiti, akampa mtoto kipande cha ndizi. Nikamwambia siku baba aliyokufa, ugonjwa, nani aliyesali, ng'ombe wangapi wamebaki. Aliuliza ng'ombe kwa majina yao. Wengi walikuwa wamekwisha kufa, nami nikawataja mmoja mmoja.

Paul aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akatuacha.

"Kabera, mbele ya kufa," Karangwa akauliza, "alisema nini juu yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Tangu Masisi nilikuwa natengeneza maneno ya kumpa, kwamba kaka yake alimtaja, kwamba alimsamehe, kwamba alimwita mwishoni. Mtu asingejua. Nikamtazama yule mzee, na kisu chake na mihogo, nikakumbuka kwamba yeye pia aliulizwa neno moja, na jibu la uongo lilikuwa rahisi kuliko la kweli.

"Hakusema kitu, papa mudogo."

Aliitikia kwa kichwa. Akachukua muhogo mwingine, akaumenya wote mpaka mwisho, akaukata vipande akavitia majini. Kisha akaniuliza kama nitalala au nitarudi na kamio la jioni, maana likiondoka lile hakuna lingine mpaka Jumatatu.

Nikamwambia nitarudi.